Mswada wa Polisi Ukifika Bunge la Jimbo: Jinsi ya Kuusoma na Kuufuatilia

Ukiishi Marekani, sheria inayoamua ni lini askari anaweza kukufyatulia risasi, kwa sehemu kubwa, haitungwi Washington. Inatungwa Sacramento, Columbus, Austin, Springfield, Olympia na Lansing, miji mikuu ya majimbo ambayo wengi wetu hatujawahi kuikanyaga hata tunapoishi mwendo wa saa moja kutoka hapo.

Aprili 4, 2022, Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 mzaliwa wa Kongo, alisimamishwa na polisi mjini Grand Rapids, Michigan, kwa kuwa namba ya gari alilokuwa akiendesha haikulingana na gari lenyewe. Baada ya vuta nikuvute alipigwa risasi kisogoni. Baba yake aliwaambia waandishi wa habari uchungu wake kwa Kiswahili, mkalimani akiwa kando. Askari alishtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 wazee wa baraza walishindwa kuafikiana, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatafungua kesi upya. Kesi nzima ilining'inia kwenye swali la lini askari anaruhusiwa kutumia nguvu za kuua, na jibu la swali hilo hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo.

Kwa aliyekulia Kenya au Tanzania, hili linachanganya. Kwetu polisi ni chombo kimoja cha taifa na juu yake yuko Inspekta Jenerali mmoja. Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000: vya miji, vya kaunti chini ya masherifu, vya majimbo, hata vya vyuo vikuu. Hakuna mtu mmoja wa kumpigia simu. Kilicho cha pamoja kwa vyombo vya jimbo moja ni sheria za bunge la jimbo hilo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuufuata mswada wa namna hiyo tangu unapochapwa hadi unapofika mahakamani na kurudi. Shauri langu kubwa nalitanguliza: usihangaike na jina la mswada wala vichwa vya habari. Tafuta maneno yaliyofutwa.

Mlango upi wa kubisha

Kabla hujaandika barua yoyote, jua kama jambo lako ni la mji, la jimbo au la serikali kuu. Saa za doria, bajeti ya idara na kuajiriwa kwa mkuu wa polisi ni mambo ya mji. Kosa la jinai, kibali cha mtu kuwa askari, siri ya mafaili ya nidhamu na kiwango cha nguvu inayoruhusiwa ni ya jimbo. Maafisa wa uhamiaji ni wa serikali kuu, na bunge la jimbo haliwaamuru. Linachoweza ni kuwaamuru polisi wake lenyewe wasiwasaidie, au wawasaidie.

Watu wengi hupoteza mwaka mzima kwenye mlango usio wao. Mfano wa Memphis unauma. Januari 2023 Tyre Nichols alipigwa na polisi baada ya kusimamishwa barabarani, akafariki siku tatu baadaye. Baraza la mji likapitisha sheria ndogo ya kuzuia polisi kusimamisha magari kwa visingizio kama taa moja iliyokufa. Machi 2024 Gavana Bill Lee wa Tennessee alitia saini sheria ya jimbo iliyoifuta. Baraza la mji lilikuwa limefanya kazi yake. Jimbo lina mkono mrefu zaidi. Kwa hiyo, ukishinda mjini, fungua tovuti ya bunge la jimbo wiki hiyo hiyo uone nani anaandaa mswada wa kukupokonya ulichoshinda.

Kuushika mswada mkononi

Kila bunge la jimbo lina tovuti yake, na miswada yote imo humo bure. Herufi za mbele zinaonyesha ulikoanzia: SB ni Seneti, HB ni bunge la chini, ambalo California huliandika AB. Namba huanza upya kila kipindi cha bunge, kwa hiyo andika namba pamoja na mwaka. AB 392 ya 2019 na AB 392 ya kipindi kingine hazijuani hata kidogo, na nimeona mabishano makali mtandaoni kati ya watu wawili waliokuwa wanasoma karatasi tofauti. Tovuti nyingi zina kitufe cha kujiandikisha kupata barua pepe kila mswada unaposogea. Jiandikishe siku hiyo hiyo.

Angalia pia kalenda. Bunge la Texas hukutana kwa siku 140 tu, katika miaka witiri. Ukikosa kikao cha mwaka huo, unasubiri miwili, isipokuwa gavana aite kikao maalumu. California hukaa karibu mwaka mzima, na mswada uliokwama mwaka wa kwanza unaweza kufufuka wa pili.

Sasa ukurasa wenyewe. Mswada wa kurekebisha sheria huchapa sheria ya zamani na mpya pamoja. Maneno yanayoondolewa yamekatwa mstari katikati. Yanayoingizwa yamepigiwa mstari chini au, kama California, yako katika herufi za mlazo. Maneno yasiyo na alama ni sheria iliyopo tayari, wala haiguswi. Mtu asiyejua hili hushtuka bure akisoma ibara ya kutisha ambayo kumbe ipo tangu babu yake hajazaliwa.

Hapa pana mtego kwa sisi tunaotumia programu za kutafsiri. Ukinakili maandishi ya mswada na kuyabandika kwenye programu, mistari ya kukata mara nyingi hupotea njiani. Maneno yaliyofutwa yanarudi kama mazima, yamechanganyika na mapya, na unachosoma kwa Kiswahili ni sheria ambayo haijawahi kuwepo na haitakuwepo. Kama ni lazima utafsiri, futa kwanza kwa mkono kila neno lililokatwa, ndipo ubandike. Na usiiachie mashine maneno "shall" na "may". La kwanza ni amri. La pili ni ruhusa tu. Mkuu wa polisi aliyepewa "may" hajaamriwa kitu.

Kabla ya maandishi yenyewe, mabunge mengi huweka muhtasari wa mawakili wa bunge. Ule wa California ni mzuri sana: unaeleza sheria ilivyo sasa, kisha mswada utabadilisha nini. Chini yake kuna mstari mmoja mdogo ambao wengi huuruka. Unataja kura zinazohitajika, kama mswada unatenga fedha, kama lazima upite kamati ya fedha, na kama unazibebesha serikali za mitaa kazi mpya. Ukiona jibu la kamati ya fedha ni ndiyo, jua mswada una kaburi moja zaidi la kuruka. Tutarudi hapo.

Neno moja katika AB 392

Machi 18, 2018, polisi wa Sacramento walimpiga risasi Stephon Clark katika uwanja wa nyuma wa nyumba ya bibi yake. Mkononi alikuwa na simu. Kiwango cha kitaifa kilikuwa kile kilichowekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1989 katika kesi ya Graham dhidi ya Connor: je, askari mwingine mwenye busara, akiwa pale pale, angeona nguvu ile inafaa? Sheria ya jimbo la California yenyewe ilikuwa ya mwaka 1872.

Mbunge Shirley Weber alileta mswada mwaka huo, ukakwama. Akarudi 2019 na AB 392. Wazo lake lilikuwa kwamba nguvu ya kuua iruhusiwe pale tu ilipo ya lazima. Katika maandishi ya kwanza, neno hilo lilifafanuliwa: ni lazima pale ambapo hapakuwa na njia nyingine ya busara. Vyama vya polisi vilipinga kwa nguvu zote.

Mei 2019 mswada ukarekebishwa. Ukifungua toleo la mwezi ule utaliona lenyewe: ufafanuzi umekatwa mstari. Neno lenyewe limebaki, limekaa peke yake bila maana iliyoandikwa. Vyama vikubwa vya polisi vikaacha kupinga. Baadhi ya wanaharakati waliouanzisha mswada wakajitoa. Bunge la chini likaupitisha kwa kura 67 bila hata moja ya kupinga, Seneti kwa 34 dhidi ya 3, na Gavana Gavin Newsom akatia saini Agosti 19, 2019.

Magazeti siku ile yaliandika kwamba California imeweka sheria kali kuliko karibu zote nchini. Wengine wakasema ni ganda tupu. Ukisoma maandishi, wote wawili walikuwa wanapunja. Sheria inataka askari awe na imani ya busara kwamba nguvu ya kuua ni ya lazima kuzuia tishio la karibu la kifo au jeraha kubwa. Inasema mwenendo wa askari mwenyewe kabla ya risasi utapimwa pia, si sekunde ile ya kufyatua peke yake. Inakataza kumpiga risasi mtu anayehatarisha nafsi yake tu, jambo kubwa kwa familia yenye mgonjwa wa akili. Lakini maana ya "lazima" imeachiwa mahakama, na mahakama huchukua miaka. Mimi naona jimbo lilipata zaidi ya nusu ya lililotafutwa. Aliyesoma kichwa cha habari tu hawezi kujua nusu ipi.

Kwa hiyo, mswada unapokuwa na matoleo matano, usisome la tano peke yake. Tovuti nyingi zinakuruhusu kulinganisha toleo na toleo. Kilichofutwa kati ya la pili na la tatu ndicho kilichouzwa.

Kamatini

Miswada mingi ya polisi hupita kwanza kamati ya usalama wa umma au ya sheria. Hapa ndipo maneno hubadilika, na hapa ndipo sauti ya mtu wa kawaida ina uzito. Mswada ukishafika ukumbi mkubwa, wabunge wengi wamekwisha kuamua.

Watumishi wa kamati huandika uchambuzi siku chache kabla ya kikao. Usome, hasa mwisho wake, penye orodha ya mashirika yanayounga mkono na yanayopinga. California utakuta vyama kama cha wakuu wa polisi na PORAC, chama kikubwa cha maaskari, upande mmoja, na mara nyingi ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, upande wa pili. Fuata orodha hiyo toka kikao hadi kikao. Shirika likihama kutoka kupinga kwenda kutokuwa na msimamo, kuna kitu limepewa. Rudi kwenye maandishi ukakitafute. Vyama vya polisi, nivipe haki yao, husoma kila toleo, na vina mtu anayelipwa kufanya hivyo. Mwanaharakati wa jioni baada ya zamu mbili kazini hana budi kuchagua asome nini, na orodha hii humwokolea muda.

Kusema chako ni rahisi kuliko unavyodhani, ila kila jimbo lina taratibu zake. Illinois kuna karatasi ya shahidi unayoijaza mtandaoni: jina, namba ya mswada, unaunga mkono au unapinga, unasema kwa mdomo au la. Inachukua dakika chache, na idadi ya karatasi hizo hutajwa kamatini. Jimbo la Washington linakubali ushahidi kwa njia ya video kutoka nyumbani kwako, na kama hutaki kusema unaweza kuacha msimamo wako uandikwe tu. California kwa kawaida kila upande huwa na mashahidi wakuu wawili wenye dakika chache. Wengine wote hupanga foleni kwenye kipaza sauti na kutaja jina, shirika na msimamo. Usijaribu kuongeza hadithi hapo. Mwenyekiti atakukatiza, na hadithi yako itakuwa imepotea bure. Hadithi iweke kwenye barua, uitume wiki moja au zaidi kabla ya kikao ili iingie kwenye uchambuzi.

Barua nzuri haizidi ukurasa. Taja namba ya mswada na mwaka, taja kifungu na kifungu kidogo, eleza jambo moja lililotokea linalohusu kifungu hicho, kisha sema neno gani liongezwe au litolewe. Barua inayosema polisi wote wameoza haina pa kuingia. Ila ile inayosema "katika kifungu cha 3 ongezeni kwamba rekodi ya kamera itolewe pamoja na tafsiri ya maneno yaliyosemwa kwa lugha nyingine" inampa karani wa kamati kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Huhitaji kuwa raia ili kuandika barua au kutoa ushahidi. Lakini kumbuka kwamba jina lako litaingia kwenye kumbukumbu za wazi, na video ya kikao hukaa mtandaoni kwa miaka. Kama karatasi zako za uhamiaji hazijakaa sawa, zungumza kwanza na wakili, au barua ipelekwe na kanisa, msikiti au chama chenu kwa jina la chama. Kupiga kura ni habari nyingine kabisa: kama si raia, usiguse, hata aliyekuletea fomu akikuhakikishia.

Fedha, na usiku wa mwisho

Kamati ya fedha ndilo kaburi nililolitaja. Katika bunge la chini la California, mswada wenye gharama ya zaidi ya dola 150,000 huwekwa kando kwenye rundo maalumu la kusubiri. Mara mbili kwa mwaka, Mei na Agosti, rundo hilo husomwa kwa kasi, mamia ya miswada kwa saa chache, bila mjadala. Mingine inapita, mingine inabaki pale pale na hakuna anayelazimika kueleza kwa nini. Mswada wa kamera, wa mafunzo au wa chombo huru cha uchunguzi una gharama daima. Ukitaka kuutetea, barua yako ya pili izungumzie pesa: miji hulipa kiasi gani sasa kumaliza kesi za madai dhidi ya polisi? Takwimu hizo ziombe kwa mji wako. Ni za umma.

Kisha kuna siku za mwisho za kikao. Ohio ilitoa somo zuri. Mswada HB 315 ulianza kama mkusanyiko wa marekebisho ya sheria za serikali ndogo za vitongoji, jambo ambalo hakuna mwanaharakati wa polisi angelifuatilia. Desemba 2024, bunge likiwa linafunga, ukaingizwa kifungu kinachoruhusu idara za polisi kutoza hadi dola 75 kwa saa moja ya video za kamera zao, jumla isizidi dola 750. Gavana Mike DeWine akatia saini Januari 2025. Mama anayetaka kuona mwanawe alivyokamatwa sasa anaweza kuandikiwa bili, na jambo hilo limo ndani ya mswada wa vitongoji.

Kinga ipo kwa sehemu. California, tangu wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 54 mwaka 2016, mswada lazima uwe mtandaoni katika hali yake ya mwisho kwa saa 72 kabla ya kura. Kwingine kwingi huna bahati hiyo. Wiki ya mwisho ya kikao, acha kutafuta kwa namba. Tafuta kwa maneno: polisi, kamera, sherifu, rekodi.

Mezani kwa gavana

Gavana anaweza kutia saini, kukataa, au katika majimbo mengi kukaa kimya mpaka mswada uwe sheria wenyewe. Akikataa si lazima iwe mwisho. Mwaka 1974 Maryland ilikuwa ya kwanza kuwapa maaskari sheria ya haki zao maalumu wakati wa kuchunguzwa, na majimbo mengine yakaiga. Aprili 2021 bunge hilo hilo liliifuta, Gavana Larry Hogan akakataa, na wabunge wakampiku. Andikia wabunge, basi, hata baada ya gavana kukataa, hasa pale kura zilipokuwa nyingi.

Angalia tarehe ya kuanza kutumika. Sheria kubwa huwa nayo zaidi ya moja. Ile ya Illinois iitwayo SAFE-T, yenye kurasa 764, iliyopitishwa Januari 13, 2021, iliweka kamera za kifuani kwa awamu: miji mikubwa kwanza, mingine hadi Januari 2025.

Mahakama

Jaji hapimi kama sheria ni nzuri. Anapima kama inagongana na katiba ya jimbo, katiba ya Marekani, au sheria ya serikali kuu.

Kesi ya kuijua ni ya Memphis tena, ya zamani zaidi. Oktoba 1974 mvulana wa miaka 15, Edward Garner, alikimbia kutoka nyumba iliyovunjwa usiku, akaanza kupanda uzio. Askari hakuona silaha. Alifyatua, risasi ikampata kichwani. Mvulana alikutwa na mkoba na dola 10. Askari hakuwa amevunja sheria: sheria ya Tennessee ilimruhusu kutumia kila njia kumkamata mtuhumiwa anayekimbia. Baba wa marehemu alifungua kesi, na mwaka 1985, zaidi ya miaka kumi baadaye, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba sheria hiyo haiwezi kutumika dhidi ya mtu asiye na silaha wala asiye hatari.

Ile sheria ya California ya 1872 nayo ilikuwa na maneno yanayokaribiana kuhusu wanaokimbia. Maneno hayo yalibaki kitabuni kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hukumu, hadi AB 392. Mahakama hubatilisha matumizi ya sheria. Haichukui kalamu ikaifuta kwenye kitabu. Usipopata mtu wa kukuambia kuhusu hukumu, utasoma sheria mfu ukidhani iko hai. Katika tovuti ya bunge, chini ya kifungu, mara nyingi kuna historia yake. Pitia, kisha tafuta jina la kifungu pamoja na neno la hukumu.

Wahamiaji wawe na kesi nyingine kichwani. Sheria ya Arizona SB 1070 ya 2010 ilipofika Mahakama ya Juu Juni 2012, vifungu vitatu kati ya vinne vilivyobishaniwa vilianguka. Kilichosalia ndicho kinachogusa zaidi barabarani: polisi aliyemsimamisha mtu kwa sababu nyingine, akishuku kwa msingi, aulize hali yake ya uhamiaji. Upande wa pili, SB 54 ya California ya 2017, inayopunguza ushirikiano wa polisi wa jimbo na maafisa wa uhamiaji, ilishambuliwa na serikali kuu ikasimama: mahakama ya rufaa iliikubali 2019, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza 2020. Majimbo mawili, barabara ile ile, haki tofauti.

Ukisikia mahakama imesimamisha sheria, uliza maswali mawili: nzima au kifungu? kwa muda au moja kwa moja? Mahakama kuu ya Illinois iliahirisha sheria ya kufuta dhamana ya fedha taslimu siku moja kabla haijaanza Januari 2023. Julai mwaka huo mahakama kuu ya jimbo ikaikubali, na ikaanza Septemba 18. Waliosoma habari ya Januari tu waliendelea kuambiana kwamba sheria imekufa.

Baada ya saini

Washington, jimbo la pwani ya magharibi, linastahili kukaliwa kidogo. Mwaka 2021 lilipitisha HB 1054: lilipiga marufuku kabali za shingo, likabana kukimbiza magari, likazuia silaha za kijeshi, zikiwemo bunduki zenye mdomo wa inchi nusu au zaidi. Nia ilikuwa silaha za vita. Lakini bunduki za kurushia vifuko vya chembe za risasi na zile za risasi za sponji, vifaa ambavyo polisi huvitumia ili wasiue, vina mdomo mpana kuliko huo. Sheria ya kupunguza vifo ikawa imeharamisha vifaa vya kupunguza vifo. Polisi walilalamika, na walikuwa na haki. Mwaka 2022 HB 1719 ikasahihisha. Mwaka huo huo ikaja sheria nyingine ya kufafanua kwamba askari anaweza kusaidia kumpeleka hospitali mgonjwa wa akili, maana idara kadhaa zilikuwa zimeacha zikidai sheria haiwaruhusu.

Kuhusu kukimbiza magari, HB 1054 ilitaka, kwa kawaida, askari awe na sababu za kutosha kuamini, si shaka tu. Mwaka 2023 bunge likalegeza kidogo. Machi 2024, baada ya saini za wananchi, bunge likapitisha Pendekezo 2113 na kurudisha shaka yenye msingi kuwa inatosha, kwa kosa lolote. Miaka mitatu, mzunguko karibu kamili. Aliyeshangilia 2021 na kwenda kulala hakuwepo waliposhangilia wengine.

Na kuna utekelezaji. California ilipofungua mafaili ya nidhamu ya polisi kwa SB 1421, kuanzia Januari 1, 2019, baraza la mji wa Inglewood liliidhinisha Desemba 2018 kuharibiwa kwa rekodi za zamani za risasi za polisi. Vyama vya polisi kwingineko vikakimbilia mahakamani kudai sheria haigusi mafaili ya kabla ya 2019. Mahakama ya rufaa ikasema inagusa. Omba rekodi mapema, kwa maandishi, na utunze nakala ya ombi yenye tarehe, kabla sheria haijaanza kutumika kama inawezekana.

Kazi ya mwisho ni ya mtaani kwako. Askari barabarani haongozwi na kitabu cha sheria bali na kanuni za idara yake, na California idara zinatakiwa kuziweka mtandaoni. Chukua kifungu kipya mkono mmoja, kanuni za idara mkono mwingine, utazame kama yanaafikiana. Chini ya AB 481 ya 2021, idara zenye vifaa vya kijeshi lazima zipate idhini ya baraza la mji kwa kanuni ya matumizi, zitoe ripoti kila mwaka na kufanya mkutano wa wazi na wakazi. Mikutano hiyo mara nyingi huwa na viti vitupu. Nenda na swali moja lililoandikwa, lisome kwa sauti, uombe lijibiwe kwa maandishi, na nakala umpelekee karani wa baraza, si mkuu wa polisi peke yake.